Sentensi ya Mama Sponji Iliyofika Bungeni

Saa moja asubuhi, kabla maduka ya mtaa huu wa mafundi hayajainua milango yake ya mabati, Mama Sponji ameshapiga magoti mbele ya kochi la watu watatu. Kochi limelala chali, miguu juu, kama mgonjwa aliyechoka kusubiri daktari. Kwa bisibisi bapa na koleo, anang'oa pini moja baada ya nyingine na kuzitupa kwenye kopo tupu la rangi. Kila pini inalia kivyake.

"Kochi usilione hivi," anasema bila kugeuka. "Hili limebeba nyumba nzima. Limelaliwa, limeliliwa, limemwagiwa chai. Ukilifungua unawajua wenyewe kuliko jirani yao."

Anapasua kitambaa cha chini, anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko na kupapasa. Anatoa kijiko, kibanio cha nywele, kifuniko cha rimoti na soksi moja ya mtoto. Vyote anavitia kwenye mfuko na kuufunga fundo. Mwenye kochi atarudishiwa vyake.

Mama Sponji ana miaka hamsini na saba. Ameishi katika nchi hii miaka ishirini na sita, zaidi ya nusu yake akiwa kwenye chumba hiki chenye mlango mpana na dirisha dogo, kikijaa vumbi la sponji na harufu ya gundi. Mwezi ukiwa mzuri anafunika seti nne za makochi. Ukiwa mbaya, anashonea viti vya saluni na stuli za watoto, na thuluthi ya kipato inamezwa na kodi ya chumba.

Wateja wanamjua kwa mshono ulionyooka. Lakini kuna watu wengi zaidi ambao hawajawahi kumwona na wamewahi kumsikia bila kujua ni yeye. Sentensi yake moja ilitoka katika chumba hiki, ikapita chuo kikuu, ikatangazwa redioni na kusomwa bungeni. Ilikuwa karibu imfukuzishe yeye na mtaa mzima.

Alizaliwa nje ya nchi hii, katika mji mdogo uliokuwa unaishi kwa kiwanda kimoja. Baba yake alikuwa fundi wa viti. Hakuwa na duka. Alifanyia kazi kwenye kibaraza cha nyumba yao, na kila apitaye barabarani alimsalimia.

Sponji wakati huo ilikuwa kitu cha matajiri. Viti vilijazwa sufi, ile pamba nyepesi inayoruka hata ukiikoholea. Magunia ya sufi yalirundikwa ukutani, na kazi ya watoto baada ya shule ilikuwa kuchambua mbegu.

"Jioni tulikuwa weupe kichwani kama vikongwe," anakumbuka, na uso wake unafunguka. "Mama alikuwa anatusimamisha nje, anatukung'uta mmoja mmoja kabla hatujaingia ndani. Halafu anamwambia baba, 'Haya, mume wangu, leo nimezaa wazee watano.' Kila siku utani ule ule, na kila siku baba anacheka."

Baba huyo hakuongea akiwa na sindano mkononi. Alikuwa anapiga mluzi. Mluzi ukikatika ghafla, watoto walijua amekosea mshono, na wote walitulia tuli mpaka uanze tena.

"Mpaka leo nikikosea mshono nasikia kile kimya chake," anasema.

Kisha kiwanda kikafungwa. Watu wa mji ule wakaanza kuuza viti badala ya kuvipeleka kwa fundi. Haukupita mwaka, baba yake akafariki. Mama Sponji alikuwa ameolewa na mwashi ambaye naye alikuwa anakaa nyumbani mikono mitupu, hadi rafiki yake alipomwambia kwamba ng'ambo ya mpaka majengo yanaota kama uyoga. Wakaja na mabegi mawili, na mtoto mchanga mgongoni.

Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa kufagia mabaki katika kiwanda cha magodoro. Jioni aliruhusiwa kubeba vipande visivyofaa, naye alivifunga mzigo mkubwa kichwani na kwenda kuvishonea mito ya kuuza.

"Mzigo ulikuwa unanifunika mpaka mabegani. Watoto wa mtaani wanaona sponji linatembea lenyewe. Wakaanza kuimba, Mama Sponji, Mama Sponji. Nikasema sawa, jina si hilo nimeshapewa, kubatizwa tena ni gharama."

Mto ukazaa stuli, stuli ikazaa kiti. Mwishowe akapata chumba mtaa huu, mkabala na karakana ya seremala ambaye watu wote humwita Fundi Randa. Naye alikuwa mhamiaji, kutoka nchi nyingine kabisa. Randa alitengeneza fremu za mbao, wasaidizi wake wakazivusha barabara, na Mama Sponji akazivisha. Mume alipofariki, miaka minane iliyopita, ni Randa aliyetengeneza jeneza na kukataa kulipwa. Wanaitana kaka na dada, na wanagombana kama kaka na dada.

Mtafiti aliingia mchana mmoja, miaka mitatu iliyopita. Alikuwa binti mwembamba mwenye mkoba mzito, kutoka taasisi ya chuo kikuu inayochunguza habari za wahamiaji.

"Nilidhani ni mteja. Nikamwambia, kaa hapo, kiti chako kinakwisha sasa hivi. Akasema, mama, mimi sina kiti. Nikamwuliza, sasa umefuata nini hapa?"

Binti akaeleza. Anataka kujua watu waliokuja kuishi hapa wanaishije, walitokaje, wanafikiria nini kuhusu kesho yao. Maneno yatarekodiwa, jina halitaandikwa. Mama Sponji akamwambia aulize tu, mradi mikono yake yeye iendelee na kazi.

Siku hiyo mbele yake palikuwa na kiti cha zamani sana, cha bibi mmoja aliyekirithi kwa mama yake. Mama Sponji alikuwa anaeleza habari za kodi na vibali huku anapasua kitambaa. Kitambaa kilipoachia, sufi ikaruka.

"Zaidi ya miaka ishirini sijaiona. Ikaniingia puani, nikajiona niko kibarazani," anasema. "Na yule binti wa watu hana habari. Ndipo akauliza lile swali lake: kama ingewezekana, ungependa kurudi nyumbani?"

Jibu lilimtoka kabla hajalipima.

"Nikamwambia, ningerudi kesho asubuhi, hata chai nisinywe."

Hakuishia hapo. Aliongea mpaka jua likaondoka mlangoni. Alieleza kibaraza, mluzi, wazee watano wa mama yake. Na alipomaliza kufuta macho kwa mkono wenye gundi, akaeleza na mengine.

"Nikamwambia, lakini huko ninakotaka kurudi hakuna basi linalokwenda. Baba hayupo, mama hayupo, kiwanda hakipo. Nyumba wanakaa watu wengine. Mume wangu nimemzika hapa. Binti yangu yuko hapa, wateja wangu wako hapa. Nikasema yote hayo, na kile kidude chake kilikuwa kinawaka taa nyekundu muda wote."

Mtafiti, ambaye leo mtaa mzima unamwita Dokta, anaikumbuka siku hiyo vizuri. "Nilitoka pale nikiwa na sufi kwenye nywele," anasema. "Nikajua nimepata mahojiano ambayo sitayasahau."

Ripoti ilipotoka, ilikuwa nene kiasi cha kuegemezea mlango. Maneno ya fundi wa makochi yalikuwamo yote, nusu ya kwanza na nusu ya pili, katika sura iliyozungumzia watu wanavyokumbuka walikotoka. Lakini taasisi ilitoa pia muhtasari wa kurasa mbili kwa ajili ya viongozi wasio na nafasi ya kusoma. Humo ilibaki nusu ya kwanza peke yake, ikiwa imewekwa katikati ya ukurasa kwa herufi kubwa, ili kuchangamsha macho.

Gazeti moja likaichukua na kuandika: "Wahamiaji: Tungerudi kesho asubuhi." Mtu mmoja akageuka kuwa watu wote. Redio zikaanza kupokea simu za wasikilizaji. Wengine walisema waondoke upesi kama ndivyo wanavyotaka, wengine walisema maskini, wasaidiwe nauli.

Wakati huo bunge lilikuwa na muswada mezani. Ulitaka vibali vya karakana za wageni visihuishwe tena baada ya miaka miwili, na badala yake utengwe mfuko wa kuwasaidia kurejea makwao. Mbunge aliyeupigania muswada huo alisimama na ule muhtasari mkononi.

"Utafiti wenyewe unasema," alisema mbunge, kwa sauti ya upole. "Fundi wa makochi, mama mtu mzima, anasema angerudi kesho asubuhi hata chai asinywe. Hawa ni ndugu zetu. Wanatamani kwao. Sisi ni nani tuwazuie?"

Mama Sponji alikuwa anapaka gundi, redio imewashwa juu ya rafu ya vitambaa.

"Nikasema, hee, huyu anaongea kama mimi! Halafu nikasikia 'fundi wa makochi'. Gundi ikanikaukia kwenye brashi."

Ng'ambo ya barabara, randa ya Fundi Randa nayo ilikuwa imenyamaza. Mtaa huu wote una fundi makochi mwanamke mmoja tu. Randa alivuka akiwa na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Dada, ni wewe?"

"Ni mimi, kaka, lakini..."

"Lakini nini? Sisi wengine tuna watoto shuleni. Kama umechoka kukaa, si ungejisemea wewe peke yako?"

Akageuka. Kuanzia siku hiyo, fremu zake zilianza kubebwa kwa mkokoteni kwenda kwa fundi mwingine, mitaa miwili mbele. Njia ilikuwa hiyo hiyo moja, kwa hiyo zilipita mlangoni kwa Mama Sponji.

"Zilikuwa zinapita uchi," anasema. "Miaka yote ile nazivisha mimi. Nikisikia mkokoteni unakuja, nageukia ukutani nijifanye natafuta uzi."

Fundi Randa hakatai. Anakaa kwenye benchi la karakana yake, anasugua kiganja kwa kiganja, na kusema anachokumbuka.

"Kibali changu kilikuwa kinaisha mwaka ule ule. Miaka kumi na tisa niko hapa. Nimemaliza deni la mashine juzi juzi tu. Halafu nasikia tunaondoka kwa sababu dada yangu kakumbuka kwao! Nilikasirika, ndiyo. Na mimi nakumbuka kwetu, lakini nakumbuka kimyakimya."

Uchungu uliomchoma zaidi Mama Sponji, hata hivyo, haukutoka kwa Randa. Ulitoka shuleni anakofundisha binti yake wa pekee, yule aliyekuja mgongoni. Ni mwalimu wa darasa la tatu, na lafudhi yake ni ya hapa hapa, haina kona.

Mzazi mmoja alimfuata baada ya vipindi na kumshika mikono yote miwili. "Mwalimu, tumesikia mnarudi kwenu. Kwa kweli tutakukosa. Sasa mtoto wangu atafundishwa na nani?"

"Asingenitukana ingekuwa nafuu... ninachosema ni kwamba afadhali angenitukana," anasema mwalimu, akijisahihisha kwa kicheko kifupi. "Lakini alikuwa na huruma ya kweli. Narudi wapi mimi? Huko sijawahi kufika kwa miguu yangu."

Wiki hiyo hiyo Dokta alikuja kwenye karakana ya Mama Sponji. Alikuwa amekonda zaidi. Alisema amepiga simu kila mahali, ameandika kwenye magazeti, amekwenda redioni, na kote anakwenda na takwimu.

"Tuliwahoji watu mia tisa," anaeleza. "Tuliuliza maswali mawili tofauti kwa makusudi. Unatamani kwenu? Karibu wote walisema ndiyo. Una mpango wa kurudi? Katika kila watu kumi, hakufika hata mmoja. Kutamani na kupanga ni vitu viwili, na utafiti wetu ulikuwa juu ya tofauti hiyo. Redioni nilipewa dakika mbili, na kila nikifungua mdomo mtangazaji ananirudisha kwenye 'kesho asubuhi'."

Kamati ya bunge ilikuwa imetangaza siku ya kusikiliza maoni ya wananchi. Dokta angekwenda na namba zake. Alitaka kujua kama Mama Sponji angekubali kwenda pia.

"Nikamwambia, mwanangu, mdomo niliufungua mara moja tu, ona mambo yake. Nikiufungua mara ya pili si watanipakia kwenye lori?"

Dokta hakubishana. Aliweka mkoba chini, akashika upande wa pili wa kitambaa alichokuwa anakivuta Mama Sponji, na wakafunika mgongo wa kochi pamoja. Aliposhika stepla, pini ya kwanza ilipinda. Ya pili pia. Ya tatu ikaingia, na Mama Sponji akamwambia kazi ya chuo ikimshinda aje hapa.

Jioni hiyo mezani, mwalimu alimsimulia mama yake habari ya yule mzazi. Mama Sponji alisukuma sahani pembeni.

"Nilikuwa nimeshasema siendi," anasema. "Nikamwambia, mwanangu, nikinyamaza litapita. Akaniangalia. Akaniambia, mama, unyamaze usinyamaze, wao wanaongea. Na wanaongea kwa mdomo wako."

Asubuhi akampigia Dokta simu. "Niandikishe," akamwambia, akakata kabla hajabadili nia.

Alivaa gauni alilovaa siku binti yake alipohitimu. Binti alikuwa amempangia maneno, wakayafanyia mazoezi jikoni mpaka akayajua kama kuhesabu moja mpaka kumi. Ukumbi ulikuwa baridi, una maikrofoni nyingi na mapazia marefu. Kitu cha kwanza alichokiona ni viti.

"Sponji limekufa kabisa. Waheshimiwa wamezama, magoti yako kidevuni. Nikajisemea, jamani, watu wanaokaa hivi watafikiria vizuri saa ngapi?"

Dokta alitangulia. Alisimama wima, akaeleza yale maswali mawili na majibu yake, pole pole, bila kutia chumvi. Wajumbe wawili watatu waliandika. Kisha akaitwa fundi wa makochi, na ukumbi mzima ukageuka.

Yule mbunge mpole alikuwa wa kwanza kuuliza. "Mama, ni wewe kweli uliyesema maneno haya?"

"Ni mimi, mheshimiwa. Sikanushi hata neno."

Baada ya hapo yale maneno ya mazoezi yalimpotea yote. Aliangalia meza, akaangalia mikono yake, akaona pale kidoleni kuna gundi ambayo haikutoka hata kwa mafuta ya taa. Basi akaanza palipokuwa karibu. Akawaeleza kiti cha yule bibi. Akawaeleza sufi ni nini, kwa maana wajumbe vijana hawakuijua. Akaeleza kibaraza na mluzi.

"Nilikuwa naongea kama mtu aliye nyumbani kwake," anasema. "Nikasema, mheshimiwa, ningerudi kesho asubuhi nikachambue mbegu na ndugu zangu, mama atukung'ute. Ndiyo. Nani asingerudi? Lakini serikali haina nauli ya kufika huko. Mkinipakia basi, litanishusha kwenye mji ambao sina hata wa kunipokea begi."

Kengele ikalia. Dakika zake zilikuwa zimekwisha, na hata habari ya binti yake hajaigusa. Mwenyekiti wa kamati akafungua mdomo amshukuru.

"Mwacheni amalize!"

Sauti ilitoka nyuma kabisa, karibu na mlango. Fundi Randa alikuwa amesimama, kofia mkononi, vumbi la mbao bado liko kwenye kola. Hakumwambia mtu kwamba anakuja. Askari wa ukumbi alimwendea na kumwamuru akae, naye akakaa, lakini alisema tena, safari hii kwa sauti ya chini, "Mwacheni tu amalize, jamani."

Mwenyekiti akatazama saa, akatazama wajumbe wake waliozama vitini. "Endelea, mama," akasema.

Akaendelea. Alisema habari za kaburi la mume wake, na za mwalimu wa darasa la tatu anayeulizwa anaondoka lini. Alipotaka kusema neno la mwisho alilopangiwa, hakulikumbuka, akasema asanteni na kuondoka kwenye maikrofoni na kwenda kukaa kwenye kiti kisicho chake.

Kwenye ujia wa nje, yule mbunge alimfuata. Alimshika mkono na kumwambia kwamba yeye alilelewa na bibi yake, nyumba yenye mti mkubwa wa limau uani, na sasa pale pamejengwa kituo cha mafuta. Alisema anapita pale kwa gari na hujaza mafuta hata tangi likiwa limejaa nusu. Macho yalikuwa mekundu.

"Nikamwonea huruma, wallahi," anasema Mama Sponji. "Halafu akaenda akaupigia kura muswada wake vilevile!" Anacheka mpaka anashika mbavu. "Binadamu bwana."

Kuhusu safari ya kurudi nyumbani siku ile, yeye na Randa wana masimulizi mawili tofauti. Yeye anasema Randa alimwomba radhi. Randa anasema aliuliza tu kama fremu mbili za wiki ijayo zitapata nafasi. Wote wanakubaliana kwamba waligombana vikali juu ya nani alipe nauli, na kwamba mwalimu, aliyekuwa amemsindikiza mama yake na kukaa katikati yao, ndiye aliyelipa.

Muswada ulipita, lakini haukupita kama ulivyoingia. Kamati ilikirekebisha kile kifungu cha vibali. Waliokaa zaidi ya miaka kumi wanahuisha vibali vyao kama zamani. Mfuko wa kurejea upo, kwa atakayeuomba mwenyewe. Waliokuja karibuni bado wanapewa miaka miwili, na mtaa huu una wachomeleaji wawili, ndugu, ambao hawajui mwakani watakuwa wapi. Jioni mmoja wao huja kukaa kwenye mlango wa Mama Sponji na kumwuliza yale maneno ya mbele ya kamati aliyaanzaje.

"Kwa hiyo usiandike kwamba nimeshinda," anaonya. "Andika nimepunguza."

Katika taasisi, nako kuna kilichobadilika. Sasa mtu akinukuliwa husomewa maneno yake kabla hayajachapwa, na akisema yamekatwa vibaya yanarudishwa. "Muhtasari wetu siku hizi una kurasa tatu," anasema Dokta. "Wakubwa wanalalamika. Tumewaambia wavumilie." Amekwisha kuanza utafiti mwingine, juu ya watoto waliokuja wakiwa mgongoni, na mtu wa kwanza aliyemhoji ni mwalimu wa darasa la tatu.

Mama Sponji haukatai utafiti. Anasema watu wanapaswa kuulizwa, kwani wasioulizwa ndio wanaosemewa zaidi. Ila tangu mambo yale, amegundua kwamba alipasua kitu ndani yake pamoja na kile kiti. Anaota kibaraza mara kwa mara. Ndotoni mluzi unasikika lakini mpigaji haonekani.

Ndiyo maana shule zikifungwa, yeye na binti yake watasafiri. Ni safari ya wiki mbili, na funguo za karakana ataachiwa Randa, ambaye ameapa hatagusa stepla. Binti ameshakata tiketi. Anataka kuona mahali panapotajwa kila mara mama yake akiwa na furaha, na kila mara akiwa na huzuni.

Ndugu wa mwisho wa Mama Sponji, anayeishi si mbali na mji ule, alikwenda kupaangalia kwanza na akampigia simu kumpasha. Nyumba ipo. Imepakwa rangi ya bluu. Kibarazani, pale palipokuwa na magunia, kijana mmoja amefungua duka la kutoa fotokopi.

"Nimefikiria sana," anasema Mama Sponji. Amelipindua lile kochi, sasa limesimama kwa miguu yake, na anaunyoosha uso wa kitambaa kwa kiganja. "Siwezi kwenda kusimama kibarazani kwa watu bila sababu, nishangae ukuta na kulia. Wataniita mwizi, au mwendawazimu. Kwa hiyo nitaingia kama mteja. Nitamwambia kijana, naomba kopi."

Kopi ya nini?

Anafikiri, pini mbili zikiwa zimebanwa kati ya midomo. Anazitoa.

"Ya kitambulisho, ya tiketi, ya chochote kitakachokuwa kwenye mkoba. Nitamwomba nyingi. Nimeambiwa mashine yake ni mbovu, inakwenda pole pole."